Riwaya ya mahakamani: namna ya kuifunga taharuki kwenye kielelezo

Hatua ya 1: Chagua kosa. Mauaji kwa Tanzania yanakubeba yenyewe: hakuna dhamana, adhabu ni kunyongwa. Kesi huanzia mahakama ya chini, mshtakiwa haruhusiwi kujibu lolote, inaahirishwa kwa kuwa "upelelezi haujakamilika". Usiiruke miezi hiyo. Ndimo mashahidi wanamohama, wanamohongwa, wanamofariki.

Hatua ya 2: Sahau wale raia 12 wanaoamua kesi kwenye sinema za Marekani, pamoja na nyundo ya mbao. Hukumu anaiandika jaji, tena kwa kutoa sababu. Hotuba ya kuliza watu haimwokoi mteja.

Hatua ya 3: Tafuta hati moja, yaani kielelezo cha ushahidi, ibebe riwaya nzima. Mimi huchagua maelezo ya onyo, yale anayoyatoa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa kuhusu haki zake. Sheria inataka yachukuliwe ndani ya saa 4 tangu mtuhumiwa akamatwe, isipokuwa muda uongezwe kwa utaratibu. Basi sura ya 2 mtuhumiwa akamatwe wakati adhana ya Alfajiri inasikika, nawe unyamaze. Sura ya 19 maelezo yasomeke kuwa yalianza kuandikwa saa 5 asubuhi. Msomaji makini atarudi nyuma kuhesabu.

Wakili wa utetezi anaweka pingamizi: muda umepita, na mteja alipigwa. Inafunguliwa kesi ndogo ndani ya kesi kubwa, kuamua kama maelezo yapokelewe. Askari anabanwa kwa maswali ya dodoso, kitabu cha mahabusu kinaitishwa. Wakili wa Serikali naye ana pa kujificha: muda wa kumsafirisha mtuhumiwa hauhesabiwi. Safari ilikuwa ya umbali gani? Gari liliharibika kweli? Hapo andika kurasa 30 bila woga. Ukiwa jasiri zaidi, msomaji ajue kabisa kwamba mshtakiwa aliua, halafu ajikute anaomba kielelezo kikataliwe.

Hatua ya 4: Shahidi wa kushtukiza mwache. Upande wa Jamhuri, yaani wa mashtaka, ukitaka kuongeza shahidi lazima utoe notisi. Mshtuko utoke kwa shahidi anayejulikana, anayeyaruka maelezo yake ya polisi akiwa kizimbani.

Hatua ya 5: Mkurugenzi wa Mashtaka aondoe shauri. Ndugu wapige vigelegele, mshtakiwa akamatwe tena mlangoni kwa kosa lilelile. Yametokea kweli. Yaweke katikati ya kitabu. Mwishoni yatanuka ujanja wa mwandishi.

Hatua ya 6: Kabla ya rasimu ya pili, kakae kwenye kesi ya wazi usikilize mawakili wanavyoitana "wakili msomi" huku wanachukiana.