Somo: Populesheni kwenye baiolojia na kwenye takwimu

Karibuni wanachama. Wengi wakisikia populesheni mawazo yanakwenda kwenye sensa tu. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Taja spishi moja. Kwenye baiolojia, populesheni ni viumbe wa spishi moja wanaoishi eneo moja kwa wakati mmoja na kuzaliana wao kwa wao. Ukijumlisha mbega, kima aitwaye kipunji na miti ya msitu wa Mlima Rungwe, kusini mwa Tanzania, hiyo si populesheni tena, ni jumuiya ya viumbe.

Hatua ya 2: Weka mipaka ya eneo. Hapa tusipite haraka. Kipunji, aliyetangazwa kisayansi mwaka 2005, yupo sehemu mbili tu duniani: misitu ya Rungwe na Kitulo, na msitu wa Ndundulu kule Udzungwa, umbali wa kilomita 350 hivi. Katikati kuna mashamba, barabara na miji, kwa hiyo dume wa Rungwe hawezi kumfikia jike wa Ndundulu. Spishi moja, populesheni mbili. Makadirio yaliyochapishwa 2008 yalikuwa kipunji 1,117, na kati ya hao Ndundulu walikuwa 75 tu. Anayetaja jumla peke yake anawaficha hao 75, na ndio walio hatarini zaidi.

Hatua ya 3: Taja wakati. Mkoa wa Mbeya ulikuwa na watu 2,343,754 kwa sensa ya Agosti 2022. Usiiandike namba hiyo bila mwaka wake.

Hatua ya 4: Kwenye takwimu, anza na swali lako. Populesheni ni kundi zima unalotaka kulisemea, hata kama si viumbe hai. Ukitaka wastani wa uzito wa maparachichi ya shamba fulani msimu huu, populesheni ni maparachichi yote ya shamba hilo msimu huu. Yale 50 unayopima ni sampuli. Ukichuma ya matawi ya chini tu kwa kuwa hayahitaji ngazi, sampuli yako imepotoka.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Nikihoji wanafunzi 40 wa shule yetu hapa Mafinga, naweza kuandika “vijana wa Iringa”?

Marahaba. Hapana. Vijana walioacha shule na wa wilaya nyingine hawakuwa na nafasi ya kuchaguliwa. Andika “wanafunzi wa shule yetu”, tena kama uliwachagua kwa bahati nasibu.

Samaki wa bwawa hawaonekani, tunawahesabuje?

Vua 60, watie alama, warudishe. Wakishachangamana na wenzao, vua tena, tuseme 50. Wenye alama wakiwa 10, kadirio ni 60 × 50 ÷ 10 = 300. Ila alama zisidondoke, na katikati ya mivuo hiyo miwili pasiwe na samaki wanaoingia wala kutoka.

Kwa hiyo kipunji wote duniani hawawezi kuwa populesheni moja?

Kibaiolojia hawawezi. Kitakwimu inawezekana: ukiuliza wastani wa uzito wa kipunji wote, populesheni yako inakusanya wa Rungwe, Kitulo na Ndundulu pamoja, na sampuli lazima ichukue pande zote mbili.