Kitulo nendeni Januari, msisubiri Juni

Wale mnaokimbia joto la Dar mnakuja huku Mbeya, Kitulo, ile hifadhi ya taifa ya maua huko milimani, pandeni Januari au Februari na muondoke mjini alfajiri kabisa. Wengi wanasubiri likizo ya Juni kwa kuwa hakuna mvua, sawa hakuna mvua, ila mnakuta majani makavu na baridi ya kung'ata mifupa (Julai mpaka barafu inaganda kwenye nyasi), maua hamna. Maua yanafuata mvua, Desemba mpaka Aprili, aina kama 350 na okidi peke yake 45, ndo maana wenyeji wanaita Bustani ya Mungu jamani na ukifika utaelewa. Alfajiri ni kwa sababu kule juu, zaidi ya mita 2,600, mvua na ukungu mara nyingi vinashuka mchana. Inagoma wapi: mvua ikipiga usiku kucha barabara ya Isyonje ya kupandia Kitulo inakuwa utelezi, gari dogo msilazimishe, siku hiyo nyoosheni na lami ya Tukuyu mkaone Daraja la Mungu pale mto Kiwira, jiwe la volkano lenyewe limepita juu ya maji. Sweta na gambuti msisahau.