Nusu siku Kuala Lumpur: tembea, na uvae ndala

Kama una saa chache tu Kuala Lumpur, achana na teksi. Shuka stesheni ya Masjid Jamek saa nne asubuhi, tembea kuelekea kusini, umalizie stesheni ya Pasar Seni. Hazifiki kilomita mbili, ila unapita Umalayani, Uhindini na Uchinani kwa mkupuo mmoja. Msikiti wenyewe wa Masjid Jamek, wa mwaka 1909, umekaa pale mito ya Klang na Gombak inapokutana, ndipo mji ulipoanzia. Kisha shika barabara ya Jalan Tun H.S. Lee: hekalu la Kihindu la Sri Mahamariamman, lenye mnara uliojaa sanamu za rangi, linakaribiana kabisa na lile la Kichina la Guan Di, ambako moshi wa udi unakuwasha macho hata kabla hujaingia. Petaling Street, mtaa wa soko wa Uchinani, iko mtaa wa pili tu.

Na viatu? Vaa ndala. Msikitini unavua, kwa Wahindu unavua tena. Mimi nilikwenda na buti za kamba, nikajuta. Mtandio pia beba, ingawa msikitini wanaazima majoho.

Ijumaa mpango huu haufai, kwani mchana msikiti ni wa wanaoswali. Wala usiuanze alasiri: mvua za radi za huko humwagika ghafla, na ndala kwenye vigae vilivyolowa ni kuteleza tu.