Kutoka Dukani hadi Bunge la Ontario: Namna ya Kujiandaa Kuwania Kiti

Mhamiaji mfanyabiashara anayetamani kuingia katika bunge la jimbo la Ontario, Kanada, lililoko Queen's Park mjini Toronto, aanze kwa kuisoma safari ya Murad Velshi. Alizaliwa Afrika Kusini, akaihama nchi hiyo ikiwa chini ya ubaguzi wa rangi, akaishi Kenya, ambako mwanawe Ali, ambaye leo ni mwanahabari mashuhuri, alizaliwa mwaka 1969 jijini Nairobi. Kisha mwaka 1971 familia ikahamia Kanada. Huko alifanya biashara ya wakala wa usafiri, na mwaka 1987 akawa Mkanada wa kwanza mwenye asili ya Kihindi kuchaguliwa katika bunge hilo.

Sharti la kwanza ni uraia, kwani ukaazi wa kudumu hautoshi. Mwombaji lazima awe amekaa Kanada siku 1,095 katika miaka 5 inayotangulia ombi lake, kwa hiyo anayefuata bidhaa Dubai au Guangzhou aandike kila tarehe ya kutoka na ya kurudi. Mgombea awe pia na umri wa miaka 18, awe ameishi Ontario miezi 6, na akusanye saini za wapiga kura 25.

Saini hizo ni jambo jepesi. Kazi nzito ni kuteuliwa na chama, ambako mara nyingi wanachama wa eneobunge ndio wanaopiga kura; kwa sababu hiyo jiunge mapema, hudhuria mikutano midogo isiyo na wapiga picha, na uandikishe wanachama. Hapa ndipo mfanyabiashara anapokuwa na mtaji wa kweli. Anayewakatia watu tiketi anajua nani anarudi nyumbani kuzika na nani anaenda kuozesha binti, na naamini imani inayojengwa kwa namna hiyo ina uzito kuliko mabango. Hata hivyo, usitegemee kura za watu wa kwenu pekee. Bisha hodi pia kwa jirani ambaye hajawahi kuingia dukani kwako.

Jiandae kushindwa. Velshi aligombea eneobunge la Don Mills, mjini Toronto, mwaka 1981 kwa chama cha Liberal akashindwa, akarudi mwaka 1987, chama chake kikiongozwa na David Peterson kilipotwaa viti 95 kati ya 130. Mwaka 1990 chama kilibaki na viti 36, naye akapoteza chake. Wimbi lililompandisha lilirudi baharini baada ya miaka 3 tu, kwa hiyo usiiuze biashara yako kwa ajili ya kampeni.

Kuhusu fedha, kuwa mwangalifu mno. Tangu mwaka 2017 kampuni na vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi kuchangia wagombea wa Ontario, na katazo hilo linagusa hata gari la kampuni au mfanyakazi unayemlipa wewe akigawa vipeperushi saa za kazi. Teua msimamizi wa fedha za kampeni kabla ya kupokea mchango wa kwanza. Ukishinda, utakuwa na siku 60 za kumkabidhi Kamishna wa Uadilifu, anayesimamia maadili ya wabunge, taarifa ya mali na madeni yako. Na ukiteuliwa kuwa waziri, uendeshaji wa biashara lazima utoke mikononi mwako, hivyo panga mapema nani atakayeishika.