Zana ya bure au ya kulipia? Chagua kabla hujaanza kuandika programu ya simu

Kuandika programu ya simu kunahitaji zana, yaani programu ya kompyuta ya kuijengea. Watu huanza na bei ya zana. Mimi huanza na mtu atakayeishika simu. Tuchukue karani wa chama cha ushirika anayepima mazao ya wakulima na kurekodi kilo, mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka.

Hatua ya 1: Zione simu. Usiridhike na kuambiwa "tuna simu janja". Ishike, fungua mipangilio, andika toleo la Android, RAM na nafasi iliyobaki. Kama zote ni Android, umeokoa fedha: ili kuweka programu kwenye iPhone, Apple hutoza dola 99 kila mwaka na utahitaji kompyuta ya Mac, ilhali duka la Android, Google Play, ni dola 25 mara moja tu.

Hatua ya 2: Pima kompyuta yako. Android Studio, zana ya Google ya kujengea programu za Android, ni ya bure, ila inataka RAM ya GB 8 kwenda juu, na kupakua vifaa vyake kunakula bando la GB kadhaa. Hiyo nayo ni gharama. Achana na simu ya kuigiza ndani ya kompyuta (emulator), italemea kompyuta yako. Chomeka simu halisi kwa waya: nenda Kuhusu simu, gusa Nambari ya muundo mara 7, kisha washa utatuzi wa USB kwenye chaguo za wasanidi, ili kompyuta iweke programu yako kwenye simu.

Hatua ya 3: Jenga skrini moja kwa zana mbili. Namba ya mkulima, kilo, kitufe cha Hifadhi, basi. Ijenge kwa Kotlin, lugha ya kuandikia programu za Android, kisha kwa Flutter, zana ya bure ya Google, au kwa zana ya kulipia inayokupa siku za majaribio. Zima data, ingiza kilo 48.5, hifadhi, zima simu kabisa, iwashe. Zile kilo zipo? Hapo ndipo utakapojua mengi kuliko matangazo yote. Linganisha pia ukubwa wa APK (faili la kusakinisha programu) ya mwisho, siyo ile ya majaribio. Ya Flutter itakuwa nzito zaidi kwa sababu inabeba ndani yake injini ya kuiendesha.

Hatua ya 4: Uliza zana ikifa itakuwaje. Xamarin, zana ya kujengea programu za simu, ilikuwa ya kulipia. Microsoft wakainunua mwaka 2016 wakaifanya ya bure, na tarehe 1 Mei 2024 wakasitisha huduma zake. Unity nao, wenye zana ya kujengea michezo, Septemba 2023, walitangaza tozo kwa kila usakinishaji, wasanidi wakalalamika sana, ikafutwa mwaka mmoja baadaye. Ndiyo maana mimi hupenda zana ambayo msimbo wake uko wazi, yaani yeyote anaweza kuusoma na kuuendeleza. Lakini kama karani anatumia mashine maalumu yenye kisoma misimbopau na printa ya risiti, na zana ya kulipia inakuja na msaada wa mtengenezaji, nalipa bila kusita.

Hatua ya 5: Ushike ufunguo wa saini, yaani faili la siri linalothibitisha kuwa programu ni yako. Android haipokei sasisho lisilotiwa saini kwa ufunguo uleule. Ukisambaza APK kwa WhatsApp halafu ufunguo ukapotea, karani atalazimika kuifuta programu ndipo aweke mpya, na kilo ambazo hazijatumwa zitakwenda nayo. Hayo ni malipo ya mkulima. Weka nakala mbili, sehemu mbili tofauti. Zana zinazokujengea programu kwenye seva zao mara nyingi hukutunzia ufunguo huo, kwa hiyo kabla ya kulipa jaribu kuupakua. Ukikataliwa, usilipe.