Kamera, Buji au Bledi ya Kawaida: Ninavyochagua Kabla ya Kumwekea Mgonjwa Mahututi Mrija

Simu ya ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) ikiita saa tisa usiku, mimi sichagui kifaa cha kuwekea mrija wa kupumulia kwenye koo la hewa. Nilishachagua jioni nilipopokea zamu: nimefungua droo, nimewasha kamera (kifaa chenye kioo kinachoonyesha koo la mgonjwa) nione chaji, nimepachika bledi, ile ya kuinulia ulimi, na kuona taa inawaka. Anayeanza kutafuta betri huku oksijeni ya mgonjwa inasoma 82 ameshachelewa, hata kifaa chake kiwe cha bei gani.

Mimi ni muuguzi wa usingizi katika hospitali ya mkoa, Tanzania. Tuna kamera moja, bledi za kawaida za chuma zilizopinda kidogo, za Macintosh, namba 3 na 4, buji chache (vijiti virefu vyembamba ambavyo mrija huvifuata kuingia) na staileti (waya wa ndani wa kuupa mrija umbo). Nawaandikia wenzangu ambao kuweka mrija mmeshafundishwa, ila mmeletewa kifaa kipya na maelekezo yake yakaishia kwenye "hiki ni kizuri". Kama bado hujasimamiwa na mwalimu, usianzie hapa.

Mgonjwa wa chumba cha upasuaji kafunga kula, presha imetulia, ukimjaza oksijeni anakuvumilia dakika kadhaa. Wa ICU mapafu yamejaa, presha inashikiliwa na dawa, na oksijeni yake ikianza kushuka inaporomoka. Utafiti wa INTUBE uliotoka 2021, wagonjwa karibu 3,000 katika nchi 29, ulikuta asilimia 45 walipata angalau tatizo moja kubwa wakati wa kuwekewa mrija au muda mfupi baadaye. Asilimia 3 moyo ulisimama. Kwa hiyo kila kifaa nakipima kwa swali moja: kitanipitishia mrija mara ya kwanza, kwa mkono wangu huu?

Kwa swali hilo, kamera yenye bledi ya umbo la Macintosh ndiyo naanza nayo. Utafiti wa DEVICE wa Marekani, 2023, ulilinganisha wagonjwa 1,417 wa dharura na ICU: kwa kamera mrija ulipita jaribio la kwanza kwa asilimia 85, kwa bledi ya kawaida asilimia 71. Walionufaika zaidi ni wale ambao mkono bado mchanga, waliokuwa wameweka mirija isiyofika 25. Lakini matatizo makubwa yalikuwa karibu sawa pande zote, kama asilimia 21. Na Wafaransa mwaka 2017, katika utafiti wa MACMAN wenye wagonjwa 371, hawakuona faida: 68 kwa kamera, 70 bila kamera, na matatizo ya kuhatarisha maisha yakajitokeza zaidi upande wa kamera. Kamera inakupa kuona tu. Kupitisha mrija ni kazi nyingine.

Hilo nilijifunza kwa uchungu. Kituo nilichokuwa zamani kilikuwa na kamera ya bledi iliyopinda sana. Nyuzi za sauti zilijaa kioo kizima, nikashangilia moyoni, kisha mrija ukagonga ukuta wa mbele mara tatu. Oksijeni ikafika 70. Mkubwa wangu akaniambia, "Dada, rudi nyuma." Nikadhani ananifukuza, kumbe anasema bledi! Nikaivuta kidogo, picha ikawa mbaya zaidi, mrija ukapita. Kwa bledi ya aina hiyo, kubali kuona nusu ya zoloto (mlango wa koo la hewa). Ukiisogelea mno unajibana pembe ya kuingilia. Tumia staileti ngumu iliyopinda kama bledi yenyewe. Mrija unapoingia angalia mdomoni, si kwenye kioo, hadi ncha ipotee nyuma ya ulimi, ndipo urudishe macho kwenye picha. Wanaokodoa kioo tangu mwanzo ndio wanaochana kaakaa.

Bledi ya kawaida siiachi nyumbani. Damu au matapishi yakifunika lenzi, kamera inakuwa pambo. Uzuri wa ile ya umbo la Macintosh ni kwamba picha ikifa unaweza kuangalia kwa macho mdomoni bila kuitoa.

Sasa buji na staileti, ugomvi usioisha chumba cha chai. Mwaka 2018 hospitali moja ya Minneapolis ilitoa matokeo ya kushangaza: buji asilimia 98 jaribio la kwanza, staileti 87. Mwaka 2021 utafiti wa BOUGIE, vituo vingi, wagonjwa 1,102, ukakuta buji 80 na staileti 83, yaani hakuna tofauti ya maana. Mimi naona jibu liko mikononi: Minneapolis buji ni kifaa chao cha kila siku. Kama wewe unaitoa mara mbili kwa mwaka, usitarajie miujiza yao. Kisichofaa ni mrija mtupu. Ufaransa, kwa wagonjwa 999, staileti ilifikisha 78, mrija mtupu 72.

Ukitumia buji, bledi ibaki mdomoni hadi mrija ukae. Wengi huitoa mapema. Ncha iliyopinda itazame juu, usikie vipingili vya koo la hewa, na ikigoma usisukume. Mrija ukikwama kwenye zoloto, urudishe kidogo, uzungushe digrii 90 kinyume cha saa, ndipo uusukume tena.

Maandalizi mengine mnayajua, nitataja moja. Kama kuna mashine ya kupumulia yenye barakoa ya kubana, itumie kumjaza oksijeni kabla ya dawa. Katika utafiti wa PREOXI wa 2024, oksijeni ilishuka vibaya kwa asilimia 9 ya waliotumia njia hiyo, dhidi ya 18.5 wa barakoa ya kawaida.

Jaribio la kwanza likishindwa, ita msaada kwa sauti na umpulizie kwa mfuko. La pili lisiwe marudio: badili bledi, mkao, au mtu. Barakoa ya zoloto (inayokaa juu ya zoloto na kupitisha hewa bila mrija) iwe imefunguliwa tayari, na kisu cha upasuaji namba 10 cha kufungulia koo shingoni yote yakishindwa, buji na mrija namba 6 viwe kwenye trei moja. Nilishachekwa kwa trei hiyo. Sijali.

Kuona mrija ukipita hakutoshi, hata kama mlioona kwenye kioo ni watano. Subiri mawimbi ya hewa ya ukaa anayoitoa mgonjwa yaendelee kwenye mashine kwa pumzi saba. Mstari ukilala, uhesabu kuwa mrija uko kwenye umio (njia ya chakula) hadi ithibitike vinginevyo.

Kisha naandika kwenye faili: kifaa gani, bledi namba ngapi, jaribio la ngapi, sentimita ngapi kwenye meno. Kamera inasafishwa na kurudi kwenye chaji kabla sijanywa maji.