Kuyeyusha mbegu ya ng'ombe bila kuiua

Kijana mmoja ninayefanya naye uhimilishaji (kupandikiza ng'ombe mbegu ya dume kwa mkono) huku Tukuyu alinipigia simu: ng'ombe watatu aliowahimilisha wamerudi kwenye joto baada ya siku 21, yaani hawakushika mimba. Lawama zote kwa dume. Nikamwambia alete mtungi wa naitrojeni kimiminika unaotunza mirija ya mbegu iliyogandishwa.

1. Pima naitrojeni kwa fimbo. Mtungi ukiwa garini, vioo viwe wazi hata mvua ikinyesha: lita moja ikichemka hutoa karibu lita 700 za hewa, na hewa hiyo hufukuza oksijeni unayoivuta.

2. Andaa maji ya nyuzi 35 hadi 37 kabla ya kufungua mtungi. Pima kwa kipimajoto, si kwa kiwiko. Mimi natumia chupa ya chai. Mke wangu ameshaikataa jikoni.

3. Toa mrija. Hapa ndipo kijana alipoharibu, na mimi mwenyewe niliharibu hivyo hivyo mwaka mzima. Alipandisha kikapu (kikopo kinachoshika mirija ndani ya mtungi) hadi nje ya mdomo wa mtungi, akaanza kusoma majina ya madume huku akipiga soga na mwenye ng'ombe. Kikapu kisivuke shingo ya mtungi, na kisikae hapo zaidi ya sekunde 8. Hujaupata mrija? Kishushe, kipoe, anza upya. Tumia kibanio, usitumie vidole.

Ndani ya naitrojeni kimiminika ni nyuzi 196 chini ya sifuri, hakuna kinachosogea. Gliseroli iliyochanganywa na mbegu imeacha chembe za barafu zikiwa ndogo. Mrija ukipata joto, hata kama bado ni nyuzi mia na kitu chini ya sifuri, chembe hizo huanza kuungana, zinakua, zinachana utando wa mbegu. Kuurudisha haraka hakuponyi kitu, na kwa macho mrija ni ule ule. Tena inayoumia ni mirija yote ya kikapu, si ule unaoutafuta. Ndiyo maana ng'ombe wa kwanza anashika mimba, wa kumi hashiki. Bandika orodha ya madume na vikapu vyao juu ya mtungi, utaacha kutafuta.

4. Kung'uta, chovya majini sekunde 40. Upesi, ili barafu isipate nafasi ya kukua njiani. Wanaoyeyushia kwapani siwaelewi. Futa mrija ukauke kabisa kabla ya kukata. Tone la maji likiingia huua mbegu.

5. Linda na baridi. Asubuhi za Juni na Julai huku bunduki (fimbo ya chuma ya kupandikizia mbegu) ni chuma cha barafu, na mbegu iliyoyeyuka ikipoa tena inakufa. Sugua bunduki kwa karatasi safi ipate joto, ukishapakia ifiche ndani ya koti. Yeyusha mrija mmoja tu, umalize ndani ya dakika 15.

6. Himilisha. Aliyeonekana kwenye joto asubuhi, mhimilishe jioni.

Mrija mmoja wa kijana tuliutazama kwa darubini: mbegu zilizokuwa zikiogelea zilihesabika. Kikapu chote tumekitupa, ameagiza mirija mingine kituo cha taifa cha uhimilishaji, Usa River, Arusha.